Kansa ya titi ina dereva wake, sasa anang'olewa kitini!

*Kidonge cha zamani kinafanyaje kazi, dawa mpya zinasukwa vipi, na dada wa Karatu aulize nini kabla hajachelewa*

Na Mwandishi Wetu

HIVI unaukumbuka mwaka 2011? Kama ulikuwa bado mdogo, muulize shangazi yako, atakumwagia habari zote. Nchi nzima ilikuwa inakwenda Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, wilayani Ngorongoro. Bei shilingi 500. Kikombe kimoja, mara moja, umemaliza.

Magari yalifunga foleni ya kilomita nyingi. Pale Mto wa Mbu, kabla hujaanza kupandisha kuja Karatu, misafara ilikata kulia na kuingia njia ya vumbi ya Engaruka. Ndani ya magari hayo walikuwamo wenye kisukari, wenye presha, wenye virusi vya ukimwi na wenye kansa. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za hospitali kwa sababu waliamini wameshapona.

Babu alifariki Julai 2021. Foleni ilikuwa imeshakwisha zamani. Kansa haikwisha.

Mpenzi msomaji, hatukuja hapa kumsema marehemu. Kiu iliyowapeleka watu Samunge tunayo sote: kila mgonjwa anaomba dawa ya mara moja, kwa bei ya soda. Tatizo ni kwamba kansa ya titi, hasa ile inayolishwa na homoni, haiendi hivyo. Dawa yake ipo, na nyingine zinatengenezwa kwa ujanja wa ajabu. Lakini kila moja inataka kwanza ujue kansa yako ni ya aina gani. Hapo ndipo dada zetu wengi wanapopotezwa.

Hebu tuanze mwanzo, taratibu, bila kuumizana vichwa.

HOMONI INAINGIAJE HAPA?

Estrojeni ni homoni ya kike. Ndiyo inayomfanya binti aote matiti na mwili ushike shepu. Hutengenezwa zaidi kwenye ovari, na mama akishakoma hedhi, kiasi kidogo huendelea kutengenezwa kwenye mafuta ya mwili. Kwa mtu mzima wa afya ni jambo la heri tupu.

Balaa linakuja seli za titi zikishaharibika. Katika kansa nyingi za titi, seli zile mbovu zinaendelea kuila estrojeni kama chakula. Duniani, katika kila kansa 10 za titi, kama 7 ni za namna hiyo.

Daktari wa Glasgow, George Beatson, aliliona hilo kwa mbali mwaka 1896. Aliwatoa ovari wagonjwa wake, na kwa baadhi yao uvimbe wa titi ukanywea. Hakujua kwa nini, maana homoni yenyewe ilikuwa haijajulikana. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1958, pale Elwood Jensen wa Chicago alipoanza kuonyesha kwamba ndani ya seli kuna kitu maalumu kinachoidaka estrojeni. Kitu hicho kinaitwa kipokezi.

Kipokezi ni protini. Na protini ni nini? Fikiria shanga za Kimasai zilizotungwa kwenye uzi mmoja mrefu, kisha uzi ukakunjwa-kunjwa mpaka ukapata umbo lake. Kipokezi cha estrojeni kina shanga 595. Shikilia hesabu hiyo, tutairudia.

GARI LIKO KARATU, DEREVA YUKO WAPI?

Sasa njoo mjini Karatu asubuhi. Land Cruiser za watalii zimelala kwenye loji, zinajiandaa kupanda geti la Lodoare kwenda Kreta. Chukua gari moja tu. Ili liondoke panahitajika vitu viwili: ufunguo na dereva. Ufunguo bila dereva, gari litanguruma hapo hapo mpaka mafuta yaishe.

Kipokezi ni hilo gari. Estrojeni ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, kuna kipande cha kipokezi kinachojifunga kama mlango wa gari, pa! Mlango ukishafunga vizuri, unajitokeza mfereji mdogo pembeni. Huo mfereji ndio kiti cha dereva.

Dereva naye ni protini nyingine. Wa kwanza wa ukoo huo alitambuliwa mwaka 1995 na maabara ya Bert O'Malley, mjini Houston, Marekani. Mwaka 1997 akapatikana ndugu yake, na huyo alikutwa amejazana kupita kiasi kwenye baadhi ya uvimbe wa titi. Dereva akikaa, anawaita na wenzake, safari inaanza: jeni zinawashwa, seli inagawanyika, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Uvimbe huo!

Dereva anakaaje? Mwaka huo huo wa 1997 wanasayansi wa Uingereza waligundua kwamba ana kipande kifupi cha shanga tano, na tatu kati ya hizo ni za aina moja. Kipande hicho kinaingia kwenye ule mfereji kama makalio ya dereva yaliyozoea kiti chake. Mguso huo mdogo kati ya protini mbili ndio unaoamua kama kansa itakua au italala.

UFUNGUO FEKI ULIOOKOA MAISHA

Kidonge maarufu zaidi cha kansa hii ni tamoksifeni. Na historia yake ni kichekesho. Mkemia Dora Richardson alikitengeneza mwaka 1962 katika kampuni ya ICI, Uingereza. Walikuwa wanatafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwa panya kilikubali. Kwa wanawake kikafanya kinyume, kikachochea mayai kupevuka. Loh! Ingekuwa duka la Kariakoo, mzigo huo ungeuzwa kwa bei ya kutupa.

Lakini mwaka 1971 hospitali ya Christie mjini Manchester ilitoa matokeo ya kukijaribu kwa wanawake wenye kansa ya titi, na baadhi yao walipata nafuu. Uingereza ikakiruhusu mwaka 1973, Marekani mwaka 1977. Leo kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kinafanyaje kazi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba kinaingia kwenye tundu la ufunguo na kuizuia estrojeni. Kweli, lakini utamu kamili ulionekana mwaka 1998, wanasayansi walipopata picha ya kipokezi kikiwa kimemeza tamoksifeni. Ufunguo huu feki una mkia mrefu. Unaingia tunduni, lakini mkia unabaki nje, kwa hiyo mlango haufungi. Mlango ukikosa pa kwenda unaangukia kwenye kiti cha dereva. Dereva akija anakuta mlango wa gari umelala kitini mwake! Safari imekufa.

Si mchezo. Hesabu kubwa ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba kwa wanawake wenye kansa ya homoni iliyogunduliwa mapema, kumeza tamoksifeni kwa miaka mitano kunapunguza vifo vya kansa hiyo kwa kama theluthi moja, na faida inaonekana hata miaka 15 baadaye.

Kina maudhi yake. Joto la ghafla mwilini ni la kawaida. Mara chache huleta damu kuganda kwenye mishipa, na kwa mama aliyekoma hedhi huongeza kidogo hatari ya kansa ya mji wa mimba. Mjamzito hapaswi kukigusa. Ndiyo maana ni dawa ya daktari, si ya kuazimana na jirani.

KANSA NAYO MJANJA: INAUNGANISHA NYAYA

Wezi wa magari mnawajua. Hawahitaji ufunguo, wanachana nyaya chini ya usukani na kuziunganisha, gari linawaka.

Kansa nayo imejifunza uhuni huo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao kansa imesambaa na wametibiwa muda mrefu, hasa kwa dawa zinazokausha estrojeni mwilini, kipokezi hubadilika. Zile shanga 595 unazikumbuka? Mara nyingi inabadilika shanga moja tu, ya 537 au ya 538. Na hizo ziko wapi? Palepale kwenye mlango! Mlango unajifunga wenyewe bila ufunguo, kiti kinajitokeza, dereva anakaa, gari linaondoka.

Hapo unaona mwenyewe: kumwaga funguo zote za mjini hakusaidii kitu. Dawa inatakiwa imfuate dereva, au ilitoe gari lenyewe barabarani.

KUMNYIMA DEREVA KITI

Njia ya kwanza ni kuziba kiti. Inaonekana rahisi, kumbe ndiyo kimbembe. Tundu la ufunguo ni dogo na lina kina, molekuli ndogo inaingia na kubana. Mguso wa protini mbili ni mpana na umelala kama sahani. Ukiweka kitu kidogo pale, kinateleza. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walisema sehemu kama hizo hazigusiki.

Wabishi hawakukubali. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu venetoklaksi, dawa ya kansa ya damu inayofanya kazi hiyo hiyo ya kuingilia kati protini mbili zilizoshikana. Kumbe inawezekana!

Kwenye titi, mwaka 2017 kundi la watafiti wa Texas, akiwamo mkemia Jung-Mo Ahn pamoja na Ganesh Raj na Ratna Vadlamudi, walitangaza molekuli waliyoiita ERX-11. Walichofanya ni ufundi wa fundi seremala: walitazama umbo la kile kipande cha shanga anachokalia dereva, wakachonga molekuli ndogo inayofanana nacho. Molekuli inakishika kipokezi na protini wenzake hawapati pa kujishikiza. Ilizuia ukuaji wa uvimbe kwenye panya, na hata kwenye seli ambazo zilikuwa zimeshazoea tamoksifeni. Lakini tuelewane: panya si shangazi. Kutoka kwa panya hadi kidonge cha dukani ni safari ndefu, na molekuli nyingi zinaishia njiani.

Njia ya pili ni kulivuta gari. Fulvestranti, sindano iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002, inakishika kipokezi na kukifanya kivunjwe na seli yenyewe. Mwaka 2023 ikaruhusiwa elasestranti, kidonge cha kumeza, kwa ajili ya wale hasa ambao kipokezi chao kimeunganisha nyaya.

Kisha kuna ubunifu wa kizazi hiki. Fikiria mnyororo wenye kulabu mbili: moja inashika gari bovu, nyingine inashika gari la kuvuta la jiji. Vepdegestranti ni mnyororo huo. Upande mmoja unashika kipokezi, upande wa pili unashika protini za usafi wa seli, ambazo kazi yao ni kupeleka takataka zikasagwe. Badala ya kutenganisha protini mbili, inazilazimisha mbili zikutane! Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, wagonjwa wenye kipokezi kilichobadilika walikaa kama miezi 5 bila kansa kusonga mbele, wakati wenzao wa fulvestranti walikaa miezi 2.1. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, tofauti haikutosha kuthibitisha ubora.

Miezi mitano si muujiza. Ni hatua. Sayansi ndivyo inavyotembea, kwa kuongeza hatua juu ya hatua.

HAYA, NA SISI KARATU TUNAINGIAJE?

Swali zuri, mshikaji. Dawa zote hizi, ya zamani na mpya, zinalenga kipokezi. Uvimbe usio na kipokezi ni kama kuvuta gari ambalo halipo. Kwa hiyo kabla ya yote lazima mtu apime kama uvimbe una kipokezi cha estrojeni.

Kuna maneno ya mtaani, hata miongoni mwa wasomi, kwamba kansa ya titi ya Mwafrika ni ile kali isiyo na kipokezi, kwa hiyo kupima ni kupoteza hela. Si kweli! Watafiti waliokusanya tafiti za bara zima mwaka 2014 walikuta kwamba pale sampuli zilipochukuliwa na kutunzwa kwa mpango mzuri, zaidi ya nusu ya wanawake wa kusini mwa Sahara walikuwa na kipokezi. Sampuli kuukuu zilizotolewa makabatini ndizo zilizoonyesha kidogo.

Umeipata hiyo? Kipokezi kinaweza kuwamo, lakini kikafia njiani.

Hapa ndipo barabara yetu inapoingia kwenye habari. Daktari akishachukua kinyama kutoka kwenye titi, kinyama hicho kinatakiwa kiingie kwenye fomalini haraka, ndani ya saa moja, na kiwe fomalini iliyochanganywa sawasawa. Kikikaa mezani, au kikitumbukizwa kwenye maji ya chumvi tu, au kikisahaulika wiki nzima kikisubiri usafiri, kipokezi kinaharibika. Maabara itaandika "hakuna," na dada atanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia.

Kutoka Karatu hadi Arusha ni kama kilomita 150. Kutoka Arusha hadi KCMC, Moshi, ongeza 80 hivi. Hiyo ni kwa aliye mjini. Mama wa Endulen au wa Mang'ola ana safari nyingine kabla hajaiona lami. Kwa watu kama hao, chupa moja ya fomalini iliyowekwa jina na tarehe ina thamani kuliko habari zote za Texas.

KIKOMBE KIMOJA AU VIDONGE 1,800?

Turudi kwenye kile kiu cha kikombe. Tamoksifeni humezwa kila siku kwa miaka mitano, na wengine huambiwa waendelee hadi 10. Miaka mitano ni vidonge zaidi ya 1,800. Mwaka wa kwanza mtu anameza kwa hofu. Mwaka wa pili uvimbe umeshatolewa, haumwi popote, joto la usiku linamkera, nauli ya kufuata dawa inauma, na mama mkwe anauliza hizo dawa za nini wakati umepona. Anaacha. Gari lililokuwa limezimwa linapata tena ufunguo.

Wala usidhani tunadharau miti. Paklitakseli, dawa inayotumika sana kwenye kansa ya titi, ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani. Tofauti ni kwamba gome lile lilipimwa miaka na miaka: kiasi gani kinatibu, kiasi gani kinaua, kwa nani na kwa muda gani. Mti haujawa dawa ya kansa mpaka ujibu maswali hayo.

Mwaka 2022 kansa ya titi iliwakamata wanawake kama milioni 2.3 duniani na kuua kama 670,000. Kwetu kikwazo kikubwa ni kuchelewa. Uvimbe wa kansa mara nyingi hauumi mwanzoni, na kwa sababu hauumi, dada anasubiri. Anasubiri mpaka titi linatoa kidonda, ndipo anapanda basi.

Na wewe kaka, usicheke. Katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya titi, mmoja hivi ni mwanaume, na kansa za wanaume wengi ni hizi hizi za homoni.

KATA KIPANDE HIKI, WEKA KWENYE POCHI

Nenda hospitali ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani hata kama hauumi, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla, au chuchu inayotoa damu. Si kila uvimbe ni kansa, nyingi si kansa. Lakini jicho haliwezi kujua, ni kinyama tu.

Ukifika, uliza haya bila aibu:

1. Je, mtachukua kinyama, na kitawekwa kwenye fomalini saa ngapi?
2. Je, maabara itapima kipokezi cha estrojeni? Majibu yatarudi lini, na nani atanipigia?
3. Kama kipokezi kipo, nitapewa kidonge gani, na kwa miaka mingapi?
4. Kikinisumbua, nije kwa nani kabla sijaamua kuacha?
5. Naomba nakala ya majibu niende nayo nyumbani.

Hilo la tano usilichezee. Mafaili hupotea na madaktari huhama. Karatasi iliyoandikwa kwamba uvimbe wako una kipokezi itakusaidia leo kupata tamoksifeni, na ndiyo itakayoulizwa kwanza siku hizi dawa mpya zikifika Moshi, Mwanza au Ocean Road.

Dereva wa kansa ameshajulikana anapokaa. Kazi yako, dada, ni kuhakikisha mtu amelitazama gari lako kabla halijavuka geti.